Alizeti: anza kuhesabu kwenye ua, siyo kwenye mvua ya kwanza



Kila mwaka ikifika Novemba simu yangu huanza kuita, na swali ni lile lile: "Bwana shamba, alizeti tupande lini?" Swali hili nimelijibu vibaya mara mbili. Mara ya kwanza nilijibu kwa neno moja, mara ya pili nikajibu kwa neno jingine moja, na mara zote mbili aliyelipa gharama hakuwa mimi. Leo nakueleza makosa yangu yote mawili, kisha nakupa hesabu ninayoitumia sasa. Unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalenda ya ukutani, bila hata kunipigia simu.

Mimi nafanya kazi mkoani Singida. Huku mvua ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, mara nyingi hupumzika Februari, hurudi Machi, na hukata kuanzia katikati hadi mwishoni mwa Aprili. Kwa hiyo tarehe nitakazotaja zinamfaa zaidi mtu wa Singida na Dodoma. Kama unalima kwingine usiondoke, hesabu ni ile ile, utabadilisha tarehe tu.

KOSA LA KWANZA: "PANDENI MAPEMA"

Nilipoajiriwa nilikuja kijijini na stashahada yangu na maneno mengi ya darasani. Neno nililolipenda kuliko yote ni "pandeni mapema". Kwenye mahindi na mtama neno hilo limewasaidia watu wengi. Nikalichukua, nikalihamishia kwenye alizeti bila kujiuliza mara mbili.

Kwenye kijiji kimoja cha kata yangu kuna mama mjane mwenye ekari tatu. Wenzake waliniita bwana shamba, yeye tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu. Alikuwa anahudhuria kila mkutano na anauliza maswali. Nilipomwambia apande mapema, alipanda tarehe 3 Desemba, siku mbili baada ya mvua ya kwanza ya kueleweka. Ekari moja nzima ya alizeti aina ya Record.

Alizeti ile ilistawi mpaka watu wakawa wanasimama njiani kuitazama. Nilipeleka wakulima wa kijiji cha pili waje waione. Ilichanua wiki ya kwanza ya Februari. Katikati ya Machi migongo ya vichwa ikageuka ya njano, na hapo hapo mvua za Machi zikaingia kwa nguvu.

Ukitazama kichwa cha alizeti kilichokomaa utaona kimeinama, na mgongo wake umebonyea kama bakuli. Mvua ikinyesha kila siku, maji yanakaa kwenye lile bakuli. Kichwa kinaanza kulainika, kinaota ukungu, kinaoza kuanzia mgongoni kuelekea kwenye punje. Mama yule alikata vichwa alivyoweza, akavianika kwenye turubai, mvua ikaja, akaviingiza jikoni, jua likatoka, akavitoa. Siku kumi za kutoa na kuingiza. Mnunuzi alipokuja alichota kiganja kimoja, akanusa, akasema, "Mama, hii imeshavunda." Alimpa nusu ya bei, na kwa kweli sikuwa na la kumlaumu mnunuzi yule.

Nilipofika kwake hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, si ulisema mapema?"

KOSA LA PILI: "SUBIRINI"

Msimu uliofuata niligeuza maneno. Kwenye kila mkutano nikasema, "Alizeti haina haraka, subirini." Sikusema wasubiri mpaka lini. Nilidhani kila mtu ataelewa kwamba nina maana ya wiki tatu au nne.

Kuna jambo ambalo chuoni hatukufundishwa, au lilifundishwa siku ambayo sikwenda darasani. Tarehe ya kupanda haiamuliwi na mvua peke yake. Huku kwetu inaamuliwa na ng'ombe wa kulimia. Mwenye maksai na plau hulima kwanza mahindi yake, kisha mtama wake, kisha ya ndugu zake, kisha ndiyo anakodisha. Asiyekuwa na ng'ombe yuko mwisho wa foleni, na mama mjane asiye na ng'ombe yuko mwisho wa mwisho.

Mama yule alikuwa amepata zamu ya kulimiwa mwishoni mwa Desemba. Kwa kuwa bwana shamba amesema subirini, akamwachia jirani zamu ile. Ng'ombe walirudi kwake tarehe 9 Februari. Akapanda siku hiyo hiyo.

Alizeti iliota vizuri, ikapaliliwa vizuri. Ilichanua katikati ya Aprili, maua mazuri ya njano shamba zima. Mvua ya mwisho ilinyesha kama siku tano baada ya hapo. Mei nzima ilikuwa jua na upepo.

Safari hii hakukuwa na ukungu wala harufu. Vichwa vilikauka safi, akapura, akapepeta, akajaza magunia. Kwa macho huwezi kuona tatizo. Tatizo lilionekana kwenye mizani. Gunia lake la debe sita lilipima kilo 44. Gunia la jirani aliyechukua ile zamu ya Desemba, la ujazo ule ule, lilipima kilo 63. Mwenye mashine ya kukamua akavunja punje kumi mbele yetu kwa ukucha. Sita zilikuwa ganda tupu.

Mwaka ule kijana wake alichaguliwa kwenda kidato cha tano. Godoro, sanduku, sare, nauli, vyote vilikuwa vinaisubiri alizeti. Alizeti haikutosha, akauza mtamba wake. Mtamba yule ndiye aliyekuwa anamtegemea azae ili siku moja apate maksai wake mwenyewe, atoke mwisho wa foleni. Kwa hiyo neno langu "subirini" halikumpotezea msimu mmoja tu.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na walisema pia chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mimi nilitumia methali ya kwanza mwaka mmoja na ya pili mwaka mwingine, tena kinyumenyume. "Mapema" si tarehe. "Subiri" si tarehe. Mkulima anahitaji tarehe.

KINACHOTOKEA NDANI YA MMEA

Ili uipate tarehe yako, ni lazima ujue alizeti inahitaji maji wakati gani na inayakataa wakati gani. Nitachukua Record au mbegu yoyote ya muda wa kati. Siku hizi si kamili kama saa, huweza kusogea kwa siku kadhaa kufuatana na joto na udongo, lakini kwa kupanga zinatosha.

Siku ya 5 hadi 10 baada ya kupanda, mche unatokeza. Kuanzia hapo mpaka kama siku ya 40 mmea unajenga majani na mizizi. Mzizi mkuu wa alizeti unashuka chini sana, kwenye udongo laini unapita mita moja na kuendelea. Ndiyo maana alizeti changa ikikutana na ukavu wa wiki mbili hunyauka mchana, jioni ikasimama tena. Inavumilia.

Kati ya siku ya 40 na 50 unaona tumba katikati ya majani ya juu. Kuanzia hapa uvumilivu unapungua. Kama siku ya 65 ua linafunguka. Kile unachokiita ua moja ni mamia ya maua madogo yaliyopangwa kwenye kichwa kimoja, na kila ua dogo likichavushwa ndilo linakuwa punje moja. Yanafunguka kuanzia pembeni kuelekea katikati kwa muda wa wiki moja hivi. Wachavushaji wakuu ni nyuki. Mvua ya kutwa nzima siku hizo inawazuia nyuki kutoka, na ukavu mkali unafanya maua ya katikati yasishike punje. Ukiona kichwa kina punje pembeni na katikati ni mapengo, sasa unajua.

Baada ya kuchanua kuna kama mwezi mmoja wa kujaza punje. Sehemu hii ndiyo iliyomwangusha mama yule. Punje ya alizeti hujenga ganda kwanza. Kiini kinajazwa baadaye, na mafuta yanaingia kwenye kiini kadiri kinavyojazwa. Maji yakikatika ganda likiwa tayari na kiini bado, unapata punje kubwa ya kupendeza ambayo ndani haina kitu. Ndiyo maana gunia lilijaa na mizani ikakataa.

Kama siku ya 100 mgongo wa kichwa unageuka wa njano, kisha kahawia. Kutoka hapo mpaka kuvuna, karibu siku ya 110 hadi 120, alizeti haitaki tena mvua. Inataka jua.

Kwa ufupi: siku 20 kabla ya ua kufunguka na mwezi mmoja baada yake, alizeti inataka maji ardhini. Wiki mbili za mwisho inataka ukavu. Tarehe nzuri ya kupanda ni ile inayoweka vipindi hivyo viwili mahali pake. Mvua ya kwanza haikuambii lolote kuhusu hayo. Kinachokuambia ni mvua ya mwisho.

MAPANDE MATATU YA SHAMBA DARASA

Msimu wa tatu sikutaka tena kusema kwa mdomo. Tulikubaliana na kikundi cha wakulima, mama yule akiwemo, tukate mapande matatu kwenye shamba moja, kila pande mita 10 kwa mita 20. Mbegu ile ile, nafasi ile ile, samadi ile ile. Pande la kwanza tulipanda tarehe 3 Desemba, la pili tarehe 28 Desemba, la tatu tarehe 5 Februari.

Pande la kwanza lilichanua mwanzoni mwa Februari kwenye ukavu, likakomaa Machi kwenye mvua. Tulipata debe moja na nusu baada ya kutupa vichwa vilivyooza. Pande la pili lilichanua wiki ya kwanza ya Machi, mvua zikiwa zimerudi, likakauka baada ya tarehe 20 Aprili. Tulipata debe mbili na nusu, punje nzito. Pande la tatu tulipata debe moja, na wazee walilinyanyua kwa mkono mmoja wakacheka. Debe la pande la pili walilinyanyua kwa mikono miwili.

Huo ni msimu mmoja na shamba moja, sikuambii kwamba kila mwaka itakuwa hivyo hivyo. Kuna mwaka mvua zinafika Mei na aliyechelewa anapata. Lakini mapande yale yaliwaonyesha watu sababu, na mtu akishaijua sababu anaweza kupanga hata mwaka usiofanana na mwingine.

HESABU YENYEWE

Chukua kalenda na kalamu. Fanya hivi.

Kwanza, andika tarehe ambayo kwa kawaida mvua ya mwisho ya maana hunyesha shambani kwako. Usichukue mwaka mmoja mzuri. Waulize wazee wawili watatu, kumbuka miaka mitano ya nyuma, kisha chagua tarehe ambayo miaka mingi mvua bado ilikuwepo. Kwa mfano wetu tuseme tarehe 20 Aprili.

Pili, rudi nyuma siku 40. Unafika tarehe 11 Machi. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ambayo ungependa ua liwe limefunguka, ili punje zijazwe maji yakiwa bado ardhini.

Tatu, rudi nyuma tena siku ambazo mbegu yako huchukua kufikia kuchanua. Kwa Record tumia 65. Unafika tarehe 5 Januari. Hiyo ndiyo tarehe ya kupangia dirisha lako.

Nne, fungua dirisha. Chukua wiki mbili kabla yake na wiki moja baada yake. Unapata kuanzia tarehe 22 Desemba hadi tarehe 12 Januari. Panda ndani ya siku hizo.

Tano, hakiki upande wa pili. Kutoka tarehe 22 Desemba hesabu siku 115 kwenda mbele. Unafika katikati ya Aprili. Mvua zinaelekea kukata, vichwa vitakauka. Kama hesabu inakuleta katikati ya mvua kubwa, sogeza tarehe ya kuanza mbele kidogo.

Kama mbegu yako ni chotara, soma kwenye mfuko siku za kuchanua na za kukomaa, maana zipo za muda mfupi zaidi na zipo za muda mrefu. Mbegu inayochanua siku 10 mapema inakupa siku 10 zaidi za kupanda. Usitumie 65 kwa kila mbegu, hilo litakuwa kosa langu la tatu.

Wewe uliye kwenye maeneo ya masika ya Machi hadi Mei, tarehe zangu zisahau kabisa. Tafuta mwisho wa mvua zako, kisha rudi nyuma kwa hatua zile zile.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu mvua za Msimu, za Novemba hadi Aprili, hutolewa kabla msimu haujaanza. Usikilize. Ukisikia mvua zinatarajiwa kuisha mapema, sogea mwanzoni mwa dirisha. Ukisikia zitachelewa kuisha, unaweza kukaa katikati bila wasiwasi. Lakini usitoke nje ya dirisha kwa sababu ya utabiri peke yake.

TAREHE BILA UNYEVU HAINA MAANA

Kalenda ikisema leo na udongo ukawa mkavu, usipande kwenye vumbi. Chimba kwa jembe kina cha futi moja, chukua udongo wa chini, ufinye kwenye kiganja. Ukishikamana na kubaki tonge, panda. Ukimwagika kama mchanga, ngoja mvua nyingine ndani ya dirisha lako. Ukitoa maji, ngoja siku moja au mbili, mbegu ya alizeti huoza kwenye tope.

Panda kina cha sentimita 3 hadi 5. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30. Weka mbegu mbili, kisha punguza ubakize mche mmoja ukiwa na majani manne hivi. Palilia mapema, ndani ya wiki tatu za kwanza, kwa sababu alizeti changa haiwezi magugu. Ikishafunika ardhi inajitetea yenyewe.

Na jambo la ndege: msipande kila mtu siku yake. Shamba moja likikomaa peke yake, ndege wa kijiji kizima wanahamia hapo. Majirani mkipanda ndani ya wiki moja, hasara ya ndege mnagawana na kila mmoja anapata kidogo tu.

ZAMU YA NG'OMBE IPANGWE SASA

Hili nalisema kwa wasio na ng'ombe, maana ndilo linaloua tarehe nzuri. Usingoje Desemba kutafuta mtu wa kukulimia. Nenda Oktoba, wakati maksai wamelala, umwambie mwenye ng'ombe tarehe unayoitaka. Mwambie wazi: nataka kati ya tarehe 22 Desemba na tarehe 5 Januari. Mwenye ng'ombe naye hupenda hivyo, kwa sababu wiki hizo wengi wameshamaliza kulima mahindi na ng'ombe wake wanaanza kukosa kazi. Alizeti haigombani na mahindi kwa siku za kulima, ukiipanga.

Kama huna fedha taslimu, zungumza kazi kwa kazi. Mama yule ndivyo alivyofanya msimu wa mapande matatu. Aliahidi kumpalilia mwenye ng'ombe mahindi yake nusu ekari, akalimiwa ekari moja ya alizeti tarehe 27 Desemba. Hakuna aliyetoa shilingi.

UKIWA UMESHACHELEWA

Kuna mtu anasoma hapa na Februari imeshaingia. Sitakudanganya. Kama uko nje ya dirisha kwa wiki moja, tafuta mbegu ya muda mfupi, panda eneo dogo, na uchague sehemu ya shamba yenye udongo mzito unaoshika maji, si kile kipande cha kichanga cha mwinuko. Kama uko nje kwa wiki tatu au zaidi, weka mbegu yako na fedha ya kulimia. Panda choroko au kunde, ambazo hukomaa haraka. Mwenye mbuga inayoshika maji anaweza kufikiria dengu mvua zinapoelekea kukata. Kuacha kupanda kunauma, lakini kulipa ng'ombe, mbegu na palizi halafu uvune maganda kunauma zaidi.

KWA WEWE UNAYENUNUA

Mfanyabiashara, kalenda hii ni yako pia. Ukifika kijijini usiulize tu bei, uliza: "Ilichanua lini?" Alizeti iliyochanua mwanzoni mwa Machi na iliyochanua katikati ya Aprili si mali moja, hata kama magunia yanafanana. Chota kiganja kutoka chini ya gunia, siyo juu. Vunja punje 10. Zikiwa 8 au 9 zimejaa, hiyo ni mali ya kukamua. Zikiwa 5, unanunua ganda.

Na nunua kwa mizani. Debe na gunia vinamdhulumu mmoja wenu kila mara. Punje tupu zikijaza gunia umepunjwa wewe. Punje nzito zikijaza gunia amepunjwa mkulima, tena yule aliyefuata ushauri na kupanda vizuri. Ukimlipa aliyejaza punje sawa na aliyejaza maganda, mwaka ujao hatahangaika na tarehe, na mashine yako ndiyo itakosa mafuta.

Ombi la mwisho kwako: ile tabia ya kutoa fedha Februari kwa alizeti iliyo shambani, kwa bei ya kutupa, inamwumiza mwenye shida na hata wewe inakuweka kwenye hatari, kwa sababu Februari hakuna anayejua punje zitajaa au hazitajaa. Kama unataka kumsaidia mkulima na wewe upate mali, mkopeshe gharama ya kulimiwa mwezi Desemba, ndani ya dirisha, na mwandikiane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

NINACHOKUOMBA

Mtamba wa mama yule hajarudi. Kijana wake alifika shuleni, anasoma, lakini mama bado anabadilishana palizi na plau, na itamchukua misimu kadhaa mizuri kununua ng'ombe mwingine. Nilipomwomba radhi alinijibu, "Mwanangu, wewe umejifunza kwenye shamba langu. Sasa kafundishe bure." Ndiyo maana nimeandika.

Msimu huu fanya kitu kimoja tu kipya. Chukua daftari, andika tarehe uliyopanda, tarehe ua la kwanza lilipofunguka, tarehe ya mvua ya mwisho, na kilo za gunia lako kwenye mizani. Mistari minne. Ukiandika hivyo miaka mitatu, utakuwa na tarehe ya shamba lako mwenyewe, na itakuwa bora kuliko yangu. Siku hiyo nikija na neno moja la mkutanoni, "mapema" au "subirini", nionyeshe daftari unikatalie.

Kila la heri kwenye msimu. Tukutane shambani.